Kipande cha Filimu Ndani ya Kopo la Maziwa

Kalamu hii nimeishika mara tatu tangu asubuhi, na mara tatu nimeiweka chini nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Mkwe wangu ananitazama. "Mama, ikala kwanza. Vumbi haina miguu, haitakimbia." Sikai. Tangu nizaliwe sijajua kukaa. Lakini ninyi vijana wa Kikula mnarudi kesho Jumapili kuchukua jibu, na nikiwajibu kwa mdomo nitaishia kuwagombeza bure, kwa hiyo naandika. Nilifika mwaka wa tatu tu kwa masista. Herufi zikilala ubavu, msome hivyo hivyo.

Kwa yule ambaye hakuwepo Jumatatu: walikuja watano hapa kwangu, mbele yao Nadeje, huyu binti anayepiga filimu kwa simu na kuwaita wenzake "timu yangu". Hata maji hawakunywa. Wakasema wamesikia nina kipande cha filimu ya zamani ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kwamba ndani yake kuna mwanaume analia mpaka mtu unashika kifua.

"Kambo, utupatie ile kipande," Nadeje akasema. Kambo ni bibi, kwa atakayesoma hii mbali na Katanga. "Tutaiweka ku telefone, bantu bote bataona."

"Bataona nini?"

"Kilio ya kweli! Hakuna muntu wa kucheza anaweza kulia vile."

"Na yule mwenye kulia, mulimuuliza?"

Wakatazamana. Mmoja akasema labda alishakufa zamani.

"Weye njo ulimuzika?" nikamwuliza.

Nikawaambia nitafikiri. Tangu siku hiyo nimeunguza sufuria mbili za bukari, ugali wetu, na mimi bukari sijaunguza tangu niolewe.

Basi kwanza mjue mnazungumza na nani, maana nyuso zenu zilinionyesha mnadhani kopo lile nililiokota.

Mimi ndiye niliyekuwa natunga na kuongoza filimu za kambi ya wafanyakazi. Wakati ule hakuna aliyeniita mwongozaji. Waliniita Mama wa Sinema, na wenye wivu waliniita Makelele. Nilianzia nje ya mlango. Nilikuwa msichana nauza karanga mbele ya sali, ule ukumbi wa kambi, pale kampuni ilipoonyesha sinema kila Jumapili mchana baada ya Misa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, kila nyumba ikileta yake kwa zamu. Picha hazikuwa na sauti, au zilikuwa na sauti ya Kizungu, ambayo kwetu ilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo Tata Mwape, yaani Baba Mwape, mwenye kuendesha mashine, alisimama pembeni na mikro akaeleza kwa Kiswahili. Na mimi nilisimama mlangoni na beseni langu, nikimsahihisha kwa sauti.

Siku moja alizima mashine katikati. Watu wakapiga kelele. Akaja mpaka mlangoni.

"Weye mutoto, unasema mingi kupita sinema. Unajua kueleza?"

"Najua."

"Ingia ueleze. Minye koo inauma."

Nikaacha beseni nje. Nilipotoka, karanga zote zilikuwa zimeliwa, na mama yangu alinichapa kwa mwiko. Jumapili iliyofuata nilikuwa ndani tena.

Tata Mwape alinifundisha mambo mawili. La kwanza: watu hawatazami mikono wala mavazi, wanatazama macho, kwa hiyo usimtazame anayesema, mtazame anayesikiliza. Hilo lishikeni, ni zuri mpaka leo. La pili: sali ikinyamaza, imekufa. Ipe neno. Hilo nililishika kuliko la kwanza, na mtaona lilinipeleka wapi.

Kamera ilikuwa ya Padri. Alikuwa mzungu mrefu, na parokia nzima ilimwita Padri Taratibu, kwa sababu neno hilo alilisema kwa kila kitu, hata kwa kuku akivuka njia. Kamera yenyewe ilijazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiijaza mpaka mwisho, inakwenda ukihesabu thelathini, halafu inakufa. Bobini moja ya filimu ilikuwa dakika tatu hivi, basi. Na ukishapiga huoni kitu: filimu inapelekwa Ulaya kuoshwa, inarudi baada ya miezi minne, na wakati huo aliyecheza bwana harusi ameshagombana na aliyecheza bibi harusi.

Ndiyo maana sisi tulicheza kavu. Kucheza kavu ni kucheza bila filimu ndani. Mara kumi, mara kumi na tano, mpaka miguu ya watu inajua mawe yote ya uwanja. Kila tendo nilichora kwenye daftari la shule, kisanduku kwa kisanduku: mwanamke ni kengele, mwanaume ni fimbo, jua ni yai. Padri alikuwa anasoma michoro yangu vizuri kuliko Kiswahili changu. Ninyi mnapiga kwanza, mnafikiri baadaye, halafu mnafuta. Simu haina njaa, inakula kila kitu.

Na acheni kupiga watu saa sita mchana! Jua la Likasi likiwa utosini, mashimo ya macho yanakuwa meusi kama ya fuvu. Sisi tulipiga saa tatu asubuhi au kuanzia saa nane, tena mama wawili walisimama pembeni na shuka nyeupe ya kitanda kurudisha mwanga usoni. Shuka iliyofuliwa bila bluu, maana ya bluu inamfanya mtu awe kama mgonjwa. Haya hamtayakuta kwenye simu.

Tulikosea pia, msidhani. Mara moja Padri Taratibu alipiga ubatizo mzima bila kuondoa kifuniko cha kamera. Miezi minne tukangoja, watu wakavaa vizuri, mablanketi yakapigwa misumari, mashine ikawaka: nyeusi. Nyeusi tupu, dakika tatu. Padri akashika kichwa. Tata Mwape akashika mikro. "Sasa," akasema, "hii ni ile saa umeme inakatika mu kambi mizima. Huyu hapa anatafuta kiberiti. Hapana, Mama, hiyo ni mukia ya paka!" Watu walicheka mpaka benchi mbili zikavunjika, na kwa miezi waliomba filimu ya giza irudiwe. Hivyo ndivyo nilivyojua nguvu ya neno. Nikajua kidogo, nikadhani najua yote.

Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi. Nilikwenda kuangalia kama kopo bado liko juu ya kabati. Liko. Lingekwenda wapi?

Filimu yenyewe niliitunga mimi, kichwani, nikitwanga. Ni habari ya mume asiyemshukuru mke wake hata siku moja, anakula, anafuta mdomo, anatoka. Mke anakufa. Siku ya kilio ndipo anaona sufuria zimelala kifudifudi, naye hajui hata chumvi inakaa wapi. Nilitaka wanaume wa kambi waione na kila mmoja arudi nyumbani aseme asante. Nilikuwa kijana, niliamini mambo hayo.

Nyumba tuliyochagua ilikuwa ya Tata Kasongo, mtu wa tanuru, mpole, mwenye maneno machache. Tuliichagua kwa sababu mlango wake uliangalia jua la alasiri, mwanga uliingia mpaka ukuta wa nyuma. Mke wake, Mama Jeni, alikuwa mtani wa watu wote, anakaanga mikate mbele ya nyumba na kumchokoza kila anayepita. Tata Kasongo alikubali. "Siku ya muposo niko nyumbani," akasema, maana yake Jumamosi, "mutakuya siku ile."

Kilichokosekana kilikuwa maiti. Hakuna aliyetaka kulala. Wakristo wote wale, wenye rozari shingoni, ukiwaambia lala chini ufunikwe, wanakumbuka wameacha maharage motoni.

"Minye nitalala," Mama Jeni akasema. "Tangu niliolewa sijapata siku ya kulala muchana."

Mama wakubwa wakamkemea. "Usilale vile, Jeni. Kifo itazoea mulango."

"Ikizoea, niitengezee kiti," akajibu, akacheka, na mafuta ya mikate yakamruka mkononi.

Halafu Padri akaitwa Lubumbashi na askofu, kwa Jumamosi hiyo hiyo. Nikasema basi, tunapiga Alhamisi. Mimi nilidhani Mama Jeni atamwambia mumewe. Mama Jeni alidhani mimi, mwenye filimu, nimemwambia. Yeye Tata Kasongo alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda poste, zamu yake ya asubuhi, na mkewe akamwekea chai kama kila siku.

Mnajua desturi yetu. Nyumba ikifiwa, matawi yanakatwa na kuwekwa barabarani, ili gari zipunguze mwendo na mpita njia ajue hapa kuna kilio. Mimi nilitaka matawi ya kweli, barabarani kweli, pande zote mbili, maana kamera ilianzia pale. Nikaleta na mama kumi wa kulia. Mama wa Katanga hawajui kulia kidogo. Saa nane walikuwa wanalia mpaka mbwa wa avenyu wanaitika.

Tulipaswa kumaliza mapema. Aliyetuchelewesha ni Filipo, kijana wa kwaya, aliyecheza mume. Hakuweza kulia. Tulicheza kavu mara kumi na mbili, tukampaka kitunguu.

"Mama Odila, hii kitunguu iko nakula macho yangu!"

"Macho yako inalia, Filipo, lakini mabega inacheka. Rudia."

Padri alikuwa ndani kwenye kona, jicho kwenye kamera, amebakiwa na mwisho wa bobini, dakika isiyofika. Tulikuwa na alama zetu, kwa sababu Kiswahili cha haraka hakikumwingia: mkono wangu ukiwa juu, anaendelea. Ukishuka, anasimamisha. Mama Jeni alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa kikwembe kipya kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikamwambia Filipo aingie tena kutoka uwanjani. Padri akajaza ufunguo mpaka mwisho. Nikainua mkono, kamera ikaanza.

Aliyeingia hakuwa Filipo. Niliona buti kwanza, buti za tanuru, na vumbi jekundu juu yake.

Sikilizeni vizuri sasa, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu, hata Padri kwenye kitubio nililizunguka. Nilimjua ni nani. Nilijua hajui. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni: ni mchezo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyasema. Nikayameza. Nikauacha mkono wangu juu.

Nikahesabu, kwa sababu nilizoea kuhesabu. Kwenye tano, alisimama. Alikuwa ameshika samaki wakavu wamefungwa kwa gazeti. Kwenye tisa, samaki walianguka. Alipiga magoti akashika miguu ya mke wake juu ya kikwembe, akaitikisa kama mtu anayemwamsha mtoto wa shule. Akasema kwa sauti ndogo, siyo ile ya vilio, "Jeni. Asubuhi uliniwekea chai." Halafu akasema tena, kama anayebishana: "Asubuhi uliniwekea chai." Ndipo mgongo wake ukavunjika, nami nikaona kile kitu ambacho Filipo hangekipata kwa gunia zima la vitunguu. Ishirini. Ishirini na tano. Mama wa kulia walikuwa wamenyamaza. Mkono wangu ulikuwa juu.

Mtauliza kwa nini Mama Jeni hakuamka. Alikuwa amelala usingizi wa kweli! Alisema hajapata siku ya kulala mchana, akaipata. Kwenye ishirini na nane hivi mkono wake ulitoka, ukainua kikwembe, na kamera ikafa.

"Kasongo?" akasema, nywele zimesimama. "Juu ya nini unalia? Banakufukuza ku kazi?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Walicheka kwa kuwa hofu imewatoka, siwalaumu. Yeye hakucheka. Aliinuka polepole, akaniangalia, na mkono wangu bado ulikuwa hewani kama wa askari wa njia.

"Mama Odila. Ulikuwa unaniona?"

Nikajibu, Mungu anisamehe, "Tata, filimu ilikuwa imebakia kidogo tu."

Akaokota samaki, akawapangusa vumbi mmoja mmoja, akampa mkewe, akaenda kunawa.

Miezi minne filimu ikawa Ulaya. Miezi minne nilipita mbele ya nyumba ile kila siku na sikuuliza. Iliporudi, tuliiangalia kwanza mimi na Tata Mwape katika stoo ya parokia. Kilipopita kipande kile, mzee alizima mashine.

"Ni kikubwa," akasema. "Toa."

"Nitoe namna gani, Tata? Katika yote nimefanya, hakuna kizuri kama hiki."

"Njo maana. Toa."

Sikutoa. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu wangu, sivyo?

Jumapili ile sali ilijaa mpaka madirishani. Tata Kasongo alikaa benchi ya tatu na Mama Jeni, wamevaa kitambaa kimoja. Mikro ilikuwa kwangu. Filimu ikaenda, watu wakacheka pa kuchekea. Kikafika kipande. Na sali ikanyamaza. Vijana, ilinyamaza jinsi kanisa lisivyonyamaza. Wanaume wenye mikono ya tanuru walikuwa wanameza mate. Kitu nilichokitaka maisha yangu yote kilikuwa pale mbele yangu, nami sikukitambua. Nilisikia tu Tata Mwape wa zamani kichwani: sali ikinyamaza, imekufa. Nikaipa neno. Nikashusha sauti iwe ya mwanaume, nikasema kwenye mikro: "Jeni! Asubuhi uliniwekea chai!"

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. Walijua mwisho wake, walijua Jeni yu hai amekaa benchi ya tatu, na mimi niliwapa ruhusa. Tata Kasongo aliinuka. Alipofungua mlango jua likaingia, na picha yote ikafutika ukutani, yeye na magoti yake na kikwembe. Tukabaki na ukuta.

Kuanzia Jumatatu jina lake likawa Tata Chai. Watoto walimfuata mpaka getini. "Tata Chai, leo bakuwekea?" Kipande nilikikata siku ile ile kwa mkasi wangu wa kushonea, urefu wa vikwembe viwili, nikaunganisha filimu kwa gundi. Ilizunguka kambi nyingine bila kile kipande, na watu walisema ni nzuri ila kuna mahali inaruka. Lakini jina huwezi kulikata kwa mkasi.

Mwaka wa pili baada ya hapo Mama Jeni alikufa. Homa, siku tatu. Matawi yakawekwa barabarani, mahali pale pale nilipoweka yangu. Nilikuwa nabeba kuni kupeleka kwenye kilio, mtu akapita na baiskeli, akatazama matawi, akatazama nyumba, akasema: "Leo kamera iko wapi?" Hakuwa mtu mbaya. Alidhani ni sisi.

Tata Kasongo alisikia. Alikuwa amekaa mlangoni. Na kilio kizima, siku zote zile, hakulia hata chozi. Wenye midomo walisema ana moyo mgumu. Mimi nilijua. Alijua watu wanangoja kuona kama atalia vile vile. Machozi ya kumlilia mke wake nilikuwa nimeyachukua kabla, nikayaonyesha kwa watu, na siku alipoyahitaji hayakuwepo. Baada ya kilio alimchukua binti yake mdogo akahamia Kapolowe, kulima.

Kazi niliendelea nayo, sitawadanganya kwamba niliacha. Padri akarudi kwao, resoru ya kamera, ile springi ya ndani, ikakatika, tukaingia kaseti za video, mimi nikawa napiga ndoa na vilio vya watu. Kwenye kilio niliomba ruhusa kwa kila uso. Walinicheka: huyu mama anachelewesha mazishi. Nilikubali kuchekwa.

Jana, Ijumaa, nilitia kopo ndani ya mfuko nikaenda Kapolowe. Sikumwambia mkwe wangu, angenipa mtu wa kunishika mkono. Nyumba niliielekezwa na mama wa sokoni. Marta, yule binti, sasa naye ni bibi, alinifungulia. Nilikuwa na baridi ya njiani, nikamwomba kitu cha moto.

"Nitakuchemushia maji na tangawizi, Mama. Chai hatupikake hapa."

Nikashika mfuko wangu nikaingia ndani.

Tata Kasongo alikuwa kwenye mlango wa uani, jua mgongoni, anapukuchua mahindi. Macho yamepungua lakini vidole vinakwenda.

"Ni nani?"

"Ni Odila, Tata. Wa sinema."

Hakusimamisha mahindi. "Ulikawia," akasema.

Nikamweleza: kopo, vijana wa Kikula, simu, bantu bote bataona. Nikasema siwezi kuwapa asiposema yeye.

"Ile siku haukuuliza."

"Sikuuliza."

"Leo unauliza juu unazeeka, unaogopa kufwa nayo."

"Naogopa, ndiyo. Lakini nauliza juu leo unaweza kukatala."

Akapukuchua gunzi zima kabla ya kusema. "Jeni iko ndani?"

"Iko chini ya kikwembe, Tata. Uso hauonekani." Halafu nikakumbuka mwisho wa kipande. Miaka yote hii, kila nilipokifungua, nilitazama kilio, sikufika mwisho. Nikatoa filimu, nikaivuta yote mapajani, nikatoa kioo changu cha kukuzia, kile cha kutungia sindano. Vidirisha vya mwisho, vile vipicha vidogo vya filimu, kumi na kimoja. Kikwembe kinapanda. Mkono unatoka.

Nikamsogelea, nikamshikia kioo jichoni na filimu mbele ya mwanga wa mlango. Akatafuta, akatafuta.

"Sina picha yake," akasema. "Ile ya ndoa muchwa ilikula." Kisha akakamata kifundo cha mkono wangu. "Anaamuka!"

"Anaamuka, Tata."

"Rudia."

Nikaivuta polepole, kidirisha kwa kidirisha, mkono ukapanda. Nikarudisha chini. Nikaivuta tena. Mimi ndiye nilikuwa mashine, vidole vyangu ndiyo resoru. "Rudia." Marta alisimama nyuma na kikombe cha tangawizi mpaka kikapoa. Sijui ni mara ngapi. Wakati mmoja katikati mzee alianza kulia, bila sauti, na mahindi yakamwagika. Neno lilinipanda kooni, kama kawaida yangu, neno la kumpoza, la kujaza nyumba. Nikalimeza, na safari hii palikuwa mahali pake. Nilikaa. Mimi, nilikaa, mpaka jua likaondoka mlangoni.

"Unikatie hii ya mukono," akasema mwishoni.

Mkasi ninao siku zote. Nikakata vidirisha kumi na kimoja, Marta akavifunga ndani ya kitambaa, mzee akavitia mfuko wa shati.

"Na ile ingine?" nikauliza.

"Peleka kwa batoto, kama banataka kujifunza." Akageuza uso kunitafuta. "Lakini mule ndani minye peke yangu naonekana. Weye hauonekani. Uandike mahali ulikuwa."

Nilikuwa karibu na ukuta wa kushoto, hatua mbili kutoka kwa Padri, mkono juu. Ndipo nilipokuwa.

Njooni kesho, kabla ya Misa ya pili. Kopo liko juu ya meza, na daftari hili liko juu ya kopo. Vinatoka pamoja, vinaonyeshwa pamoja. Atakayechukua kimoja akaacha kingine, nitamfuata Kikula kwa miguu yangu, na mmeshaambiwa kwamba mimi sikai.